Namjua, Ila Sijui Kwao

Siku ya pili ya msiba wa mama yangu, mwaka 2019, mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua alipiga hodi nyumbani kwetu Fuoni, Unguja. Alivaa baibui jeusi, mkononi ana kikapu cha ukili kilichofunikwa kitambaa, na vumbi la safari bado lilikuwa miguuni mwake. Wifi yangu alimpokea kama anavyopokewa kila anayekuja msibani, akamwonesha pa kukaa kwenye mkeka, kisha akanifuata chumbani na kuninong'oneza kwamba kuna mgeni ameniuliza kwa jina na anasema ametoka Wete, Pemba. Nilitoka, nikamtazama usoni, nisimtambue. Ndipo aliposema, "Shoga yangu, pole," na hapo hapo nikamjua, kwa sababu sauti ile nilikuwa nikiisikiliza kwenye simu kwa karibu miaka mitatu, takriban kila usiku, huku nikishona. (Wasomaji wa bara wanielewe: shoga kwetu ni rafiki wa kike wa mwanamke, wala neno halina jengine ndani yake.)

Tulikutana katika kundi la WhatsApp la wanawake wanaoshona kofia za mkono. Nilitiwa humo mwaka 2016, mwaka ambao WhatsApp ilipandisha idadi ya watu wa kundi moja kutoka 100 hadi 256, na msimamizi wetu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akiwaweka watu foleni, akawafungulia wakaingia wote. Kofia ya mkono ina vipande viwili, kile cha duara kinachokaa juu ya kichwa na ule ukanda unaozunguka, na kazi yake ni ya kijitundu kwa kijitundu, kila kimoja kikizungushiwa uzi mpaka kikaze. Kofia nzuri hula wiki nyingi, na nyengine huingia mwezi wa tatu haijakwisha. Anayeshona ana mikono iliyoshikika na masikio yaliyo huru, kwa hiyo kundi letu halikuwa la kuandikiana sana bali la kutumiana ujumbe wa sauti. Yeye wa Wete picha yake ya wasifu ilikuwa ua la waridi. Uso wake sikuwahi kuuona, lakini nilijua anavyovuta pumzi kabla ya kucheka, na nilimjua jogoo wa huko kwao, aliyekuwa akiwika nyuma ya kila ujumbe wa alfajiri.

Baada ya hitima, usiku mmoja usingizi uliponikataa, nilifungua lile kundi nikaanza kuhesabu. Watu 131 walikuwa wameandika "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun", wengi wao kwa kunakili ujumbe wa aliyetangulia, maana hata kosa la herufi lilikuwa lile lile. Saba walipiga simu. Waliokuja walikuwa watatu: wawili wa hapa hapa mjini, na huyu aliyevuka bahari.

Sikuhesabu kwa kinyongo, na anayeandika neno la pole amefanya jema lake. Lakini hesabu ile ilinikaa, na ilinirudia siku niliposoma habari za Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza ambaye tangu miaka ya 1990 ameshikilia kwamba binadamu anamudu uhusiano wa kweli na watu wapatao 150 tu. Mwaka 2016 alichapisha utafiti juu ya watumiaji wa Facebook wa nchini kwake: kwa wastani walikuwa na marafiki zaidi ya 150 katika orodha zao, lakini walipoulizwa ni wangapi wangeweza kuwategemea wakipatwa na shida kubwa, wastani ulikuwa wanne. Mimi nilipata watatu katika 256, nikaona sikupungukiwa sana. Kilichonishughulisha ni swali jengine: kwa nini hawa watatu, na si wale wengine niliokuwa nikicheka nao kila siku?

Jibu nililolipata ni la kizamani. Wote watatu, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wameshaniuliza kwetu ni wapi, na mimi nilikuwa nimeshawaambia.

Kwetu, kumjua mtu hakukuwa kamwe kujua jina na sura peke yake. Swali la kwanza ni "Wa wapi?" na la pili ni "Mtoto wa nani?", na anayeulizwa haoni kwamba anapelelezwa. Katika visiwa vyetu vya Zanzibar, ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, maswali matatu au manne mara nyingi yanatosha kumpata mtu wa kati anayewajua wote wawili: shangazi aliyeolewa Chwaka, mwalimu aliyewasomesha watoto wa nyumba mbili, fundi aliyeezeka mapaa yote mawili. Mtu huyo wa kati ndiye dhamana. Ukinifanyia ubaya, nitajua pa kwenda kulalamika. Nikifiwa, utajua pa kuja. Mtandao umetuletea watu wasio na mtu wa kati, na tumezoea haraka kusema "namjua, ila sijui kwao", maneno ambayo bibi yangu angeyasikia kama kosa la sarufi.

Hasara yake niliiona mwaka 2017. Mwenzetu mmoja kundini alileta picha ya mtoto mgonjwa pamoja na namba ya kutumia pesa, na sisi tukachanga, mimi nikatoa shilingi 20,000 za kofia iliyokuwa imenunuliwa wiki ile. Mmoja wetu akamuuliza ni wa shehia gani ili apite kumuona mtoto. Alijibu kwa emoji ya mikono inayoomba dua, na asubuhi yake alikuwa ameshatoka kundini. Nilikuwa nimezungumza naye kwa simu mara mbili, nimemweleza mambo ya nyumbani kwangu ambayo dada zangu hawayajui, na ukweli ni kwamba hayo ndiyo yaliyoniuma zaidi ya pesa. Tangu siku hiyo siku zote nauliza "wa wapi" bila haya, na anayechukia swali hilo namwacha na chuki yake.

Si kwamba urafiki wa mbali ni jambo geni kwetu. Mjomba wangu alikuwa mtu wa kadi za salamu: alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimia, akaipeleka redioni, kisha akakaa na redio yake sikioni kusubiri mtangazaji amsome. Watuma salamu wa Afrika Mashariki walijuana kwa majina ya hewani, wakaanzisha vilabu vyao, na wako waliotembeleana na kuzikana bila ya kuwa na asili moja wala ujirani. Mjomba alipougua, alikuja kumuona mzee mmoja kutoka Tanga ambaye hawakuwa wamewahi kukutana, na nakumbuka wote wawili walivyokaa kimya kwa muda mrefu, wakitabasamu kama watoto. Nikifikiri sasa, naona kadi ile ilikuwa na kitu ambacho namba ya simu haina. Jina halikusomwa peke yake. Lilisomwa pamoja na sanduku la posta na mji wa mtu, kwa hiyo kila aliyesalimiwa alikuwa na mahali.

Nyumba zetu zina funzo hapa, hasa zile za Mji Mkongwe na za Ng'ambo. Nje ya mlango kuna baraza, na mtu anaweza kukaa barazani kwako miaka kumi, akanywa kahawa na kula kashata, akajua nusu ya habari zako, asivuke kizingiti hata siku moja, na pasiwe na aliyemvunjia mwenziwe heshima. Ndani ya mlango kuna ukumbi, na baada ya ukumbi kuna vyumba, na kila hatua ina wakati wake. Kundi la simu ni baraza, tena baraza nzuri. Linalotuchanganya ni kwamba kwenye simu sauti hutangulia miguu: mtu ambaye hajafika barazani kwangu, sauti yake iko kitandani kwangu saa sita ya usiku, nami namwambia ya chumbani. Ndiyo maana ukaribu huu una utamu wa haraka na hutoweka kwa haraka ile ile, kwa kuwa umeanzia mwisho wa nyumba na haukupita mlangoni.

Kuvuka kizingiti kuna taratibu zake, na ninayoiamini kuliko zote ni ya sahani. Aliyelelewa Unguja au Pemba anaujua ule wakati wa Ramadhani, kabla ya magharibi, watoto wanapokatiza uchochoroni na sahani zilizofunikwa kawa, huyu kapeleka kachori, yule kaleta mkate wa kumimina, na kila nyumba ikafutari chakula cha nyumba tano. Sahani hairudi tupu. Wala hairudi siku ile ile. Mama alikuwa akitukataza kabisa kuijaza na kuirudisha papo hapo, kwa maelezo kwamba anayefanya hivyo anataka kumalizana na jirani. Ilikaa kabatini kwetu siku mbili, tatu, wiki, na muda wote huo tulikuwa na deni kwao na wao wana sababu ya kututazamia. Ikisharudi imejaa, deni limehamia upande wa pili. Ujirani wa mama na mama jirani yetu ulidumu zaidi ya miaka thelathini kwa deni ambalo halikulipwa likaisha hata siku moja.

Sasa tazama tunavyochangiana kwenye simu. Mshika fedha wa kundi anaweka orodha: arusi ya fulani, msiba wa fulani, na mbele ya kila jina kuna alama ya tiki kwa aliyetuma. Kazi hii ina faida kubwa, nami sitaki ife, maana imewazika watu ambao wasingezikwa kwa heshima na imewalipia wengine nauli ya kwenda hospitali Dar es Salaam. Lakini tiki ni risiti. Aliyetiwa tiki amemaliza, anaweza kulala, na anayepokea anajua kwamba zamu yake ikifika naye atatoa kiasi kile kile na kutiwa tiki yake. Deni limelipwa pale pale, na pamoja nalo sababu ya kutazamiana imekwisha.

Nayasema haya kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Katika kundi alikuwamo dada mmoja wa Makunduchi, mcheshi kupita sisi sote, ambaye kila mwaka alikuwa akinialika kwao wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya. Kila mwaka nilisema inshallah. Alipofiwa na mumewe, nilituma ubani (pesa za rambirambi) kwa simu, tena ubani mzuri, nikatiwa tiki, nikamtumia na ujumbe wa sauti wa dakika nne niliokuwa nalia ndani yake kweli. Makunduchi ni mwendo wa daladala wa asubuhi kwenda na jioni kurudi. Na mwanamke aliyefiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi, yumo ndani ya nyumba yake, huwezi kusema ulikwenda usimkute. Siku 130 zilipita sikwenda. Hakunilaumu. Ujumbe wake ulianza kuwa mfupi, kisha ukawa "alhamdulillah, sijui nyinyi", kisha akawa ananijibu kwa stika, na leo naona tu kwamba ameusoma ujumbe wangu.

Yule wa Wete naye angeweza kupotea hivyo hivyo, lau si kikapu. Siku ile ya msiba alikuja nacho kimejaa nazi na ndizi mkono wa tembo, na alipoondoka alikiacha. Nilipompigia kumwambia amekisahau, alicheka akasema, "Sijakisahau." Kwa miezi minne kikapu kile kilining'inia kwenye msumari jikoni kikinitazama, mpaka nikamchukua binti yangu tukapanda boti ya kwenda Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba.

Ilikuwa msimu wa karafuu. Barabara ya kutoka Mkoani hadi Chake Chake na kuendelea Wete ilikuwa imepangwa majamvi pande zote mbili, karafuu zimeanikwa juani, nyengine bado kijani na nyengine zimeshageuka rangi ya udongo, na harufu yake inaingia madirishani kabla ya kuziona. Nilimkuta nyumbani kwake, nikamuona jogoo, ambaye kumbe ni wa jirani. Nilimkuta pia kaka yake aliyepooza, ambaye alikuwa akimhudumia kwa miaka sita, na ambaye katika ujumbe wote wa sauti tuliotumiana hakuwahi kutajwa hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema yale mazungumzo ya usiku ndiyo saa yake ya kupumzika na ugonjwa, hakutaka kuutia humo.

Usiku wa kwanza haukuwa mzuri, na sioni sababu ya kuusimulia kama ulikuwa mzuri. Tulikuwa tumezoea kuzungumza kwa zamu: mmoja anasema dakika tatu bila ya kukatizwa, mwengine anasikiliza, anafikiri, anajibu kesho. Ana kwa ana hatukujua pa kuingilia. Ama tulisema wote pamoja, ama tulinyamaza wote pamoja, na binti yangu akawa anatutazama kwa huruma. Mwisho alitoa kofia yake, nami nikatoa yangu, tukainamisha macho kwenye uzi, na maneno yakarudi. Nadhani watu wengi wanaokutana kwa mara ya kwanza baada ya urafiki wa simu wanavunjika moyo saa ile ya kwanza, wakadhani walidanganyana, kumbe wamekosa tu kitu cha kufanya kwa mikono.

Tulikaa siku tatu. Mtafiti wa Marekani, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, alitoa mwaka 2018 makadirio ya muda unaohitajika watu wawili wawe marafiki: kiasi cha saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemjua tu awe rafiki wa kawaida, kiasi cha saa 90 ili awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili awe wa karibu. Sichukui namba hizi kama mizani ya dhahabu, lakini nilizipigia hesabu. Tukikisia nusu saa ya kusikilizana kwa wiki, mwaka mzima wa simu ulitupa saa 26. Siku tatu za kupika, kumgeuza mgonjwa, kuteka maji, kugombana juu ya chumvi na kushona mpaka usiku zilitupa saa kama 40. Nilimwona amekasirika, amechoka, ameamka hajanawa uso, na yeye alinikuta mimi ni mvivu wa asubuhi, jambo ambalo miaka mitatu ya sauti ilikuwa imelificha vizuri.

Mwanamke msomaji atauliza juu ya hadhari, na ana haki. Mara ya kwanza sikwenda peke yangu, nyumbani waliachiwa jina la mtaa na namba ya mtu wa pili aliyetujua sote, na sikulala kwa mtu ambaye hakuna aliyemjua kwao. Kukutana na mwanamme wa mtandaoni ni jambo jengine lenye taratibu zake na wazee wake, na wanaolijua zaidi yangu waliandike.

Wala si kila mtu wa barazani anapaswa kuingizwa ndani. Nina rafiki wa Muscat, ambaye familia yake iliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwa miaka tumekuwa tukibadilishana mapishi na maneno ya zamani ambayo kwake yamehifadhika na kwangu yamepotea. Mwaka 2022 alikuja, tukapanga kuonana bustani ya Forodhani jioni. Baada ya maamkizi na urojo tulibaki kila mmoja na simu yake, yeye akimtumia dada yake picha za bahari, na mimi nikijisikia kama mtembeza wageni asiyejua njia. Tuliagana kwa heshima. Wiki iliyofuata aliniandikia kuuliza jina la ule mti wa uani wa nyumba ya bibi yake, na mazungumzo yetu yakarudi kuwa matamu kama zamani. Ni yeye huyo aliyenipatia mnunuzi wa kofia kumi na mbili huko Oman, ambako kofia kama zetu huitwa kumma na huvaliwa na wanaume wa kila rika. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alikwishaonesha mwaka 1973 kwamba waliopata kazi kupitia watu wanaowafahamu mara nyingi walizipata kwa watu wanaoonana nao kwa nadra, si kwa wandani wao, kwa kuwa wandani wako wanajua yale yale unayoyajua wewe. Shoga yangu wa Wete asingeweza kunipatia mnunuzi wa Muscat, na huyu wa Muscat sidhani kama angepanda boti kuja kukaa kwenye mkeka wa msiba wangu. Nimeacha kuwadai wote wawili kitu kimoja.

Makunduchi nimekwenda, mwezi uliopita, nimechelewa miaka. Dada yule alinikaribisha vizuri kabisa, akanipa kiti kizuri cha ukumbini, akanikirimu soda kama anavyokirimiwa mgeni. Nilimpelekea mkate wa ajemi na haluwa kwenye sahani ya udongo ya marehemu mama yangu, na nilipoaga aliingia ndani, nikamsikia anaiosha. Nilitoka upesi kabla hajarudi nayo.

Kikapu cha Wete nacho kimevuka mara nyingi mpaka mkono wake mmoja ukakatika, nikaushona kwa uzi mweupe wa kofia. Safari hii kiko kwangu tangu Idi. Nimeshatia sabuni za mwani za Paje, dawa ya kuchua ya kaka yake, na uzi wa aina aliyoikosa Wete nzima. Boti ni ya Jumamosi, na bado kina nafasi.